Breki Iko Kushoto

Makongeni, Nairobi
18 Februari 2024

Kwa Mureithi,

Salamu. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalia asubuhi. Hapa Makongeni maji yanakuja siku mbili kwa wiki na stima inakwenda ikitaka, lakini tumezoea.

Barua yako ya pole imefika wakati Mama ameshazikwa wiki mbili. Miaka arobaini na nne hujaniandikia hata neno moja halafu unaniletea mistari sita. Haya, asante. Mama Khavere tulimzika kule kwetu Butere tarehe ishirini Januari. Alikuwa na miaka tisini na tano na meno yake mengi bado. Ukitaka kujua, watu walijaa mpaka barabarani, tulichinja ng'ombe watatu, wachungaji walikuwa wanne na kila mmoja alitaka kuhubiri. Mimi ndiye nilipanga yote. Hakuna mtu Butere nzima amezika mama yake namna ile.

Utaona mwandiko wangu unapinda. Mimi nilitoka darasa la nne nikaenda kuosha mabehewa mpaka nikawa fundi, lakini sitamwomba mtu aniandikie. Wewe ulikuwa karani wa stoo ya reli, unajua mahali pa kuweka nukta. Mimi naweka nikichoka.

Mukami dada yako aliniambia kwa simu masikio yako yamekwisha kabisa, ndiyo sababu unaandika. Nashangaa ni nini kimekuziba masikio. Haiwezi kuwa Honda. Honda inalia kama cherehani.

Umeuliza kama BSA yangu bado iko. Iko. Iko sebuleni, karibu na kitanda, nimeifunika shuka ya maua. Ile ile ya 1956 niliyoachiwa na yule Mzungu wa karakana alipokuwa anarudi kwao. Injini ni silinda moja, kubwa, inapiga dum, dum, dum, unaweza kuhesabu. Kwenye tangi bado kuna zile bunduki tatu zimesimamishwa pamoja, kwa sababu hao Waingereza walikuwa mafundi wa bunduki kabla ya kutengeneza pikipiki, chuma walikijua. Wewe ulileta Honda yako ya silinda mbili na kile kidude cha kubonyeza ndiyo iwake, kama kengele ya mlango wa daktari. Mwanamume anawasha kwa teke. Mimi nina miaka sabini na sita na BSA inawaka teke la tatu.

Warigia ni mzima. Najua ndiye ulitaka kuuliza na hukuuliza. Ana duka lake la spea za boda boda pale Kariobangi, anajua kufungua kabureta kuliko wanaume wengi, na hiyo ni kwa sababu alikulia magotini kwangu akiangalia BSA. Kila Jumapili akitoka kanisani ananiletea chapati na ndengu na kunikata kucha za miguu. Mjomba wake ndiye alimsomesha. Wewe babake ulikuwa wapi?

Usifikiri kwa sababu Mama amelala basi mambo yamelala. Dada yangu Ayuma, mke wako, alikufa kwa sababu hukujua kukaza breki ya pikipiki yako. Nilisema mbele ya jeneza na sijabadilisha.

Ni mimi,
Andati

*

Karatina
9 Machi 2024

Kwa shemeji Andati,

Nakusalimu. Hapa kwetu kahawa imetoa maua na mvua bado tunaingoja. Mukami, ambaye naishi naye, anakusalimu. Anakumbuka ulivyomfundisha kuendesha ile BSA ukamwangusha kwenye nyasi za uwanja wa reli, kisha ukasema kosa ni la nyasi.

Honda yangu pia ipo. Iko kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Haijawashwa tangu siku ile.

Umeandika mengi kuhusu pikipiki na mstari mmoja kuhusu Ayuma. Breki unayoitaja niliikaza Jumamosi, tarehe kumi na tano Desemba 1979, mbele ya nyumba yetu pale Makongeni. Uliniona. Wewe ndiye ulinishikia spana. Kesho yake mimi na wewe tulibadilishana pikipiki, Ayuma akapanda nyuma yako kwenye Honda, na mbele ya soko la Burma mkokoteni ukakatiza barabara. Hayo hayana ubishi kati yetu.

Baadaye nilikuja Butere mara tatu kumchukua mtoto wangu. Alikuwa na miaka miwili. Mara ya tatu ulisimama langoni na rungu, na nilimsikia Warigia akicheka ndani. Umemlea, na kwa hilo nimekuwa nikitafuta namna ya kukushukuru, sijaipata. Lakini kila ulipomwita ulikuwa unamwita mama yangu, maana hilo ni jina la mama yangu. Sijui kama uliwahi kufikiria hivyo.

Mama Khavere amepumzika. Nilikuwa nimemngoja. Ukiniuliza kwa nini nilimngoja, nitakuambia.

Siombi mengi. Sitaki uniombe radhi. Mwambie Warigia maneno matatu: breki ilikuwa nzima. Mimi nikimwambia ataona ni mzee anajitetea. Wewe akikusikia ataamini.

Nakutakia afya,
Mureithi

*

Makongeni
28 Aprili 2024

Kwa Mureithi,

Salamu kwako na kwa Mukami. Mwambie zile nyasi zilikuwa na kosa kweli, zilikuwa na umande.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Hapa mvua imenyesha mpaka tumechoka kuisema. Maji yaliingia nyumbani yakafika kwenye kifundo cha mguu. Kitanda niliacha kilowe. BSA niliiinua juu ya matofali, mimi peke yangu na huu mgongo, pikipiki ya kilo karibu mia mbili. Ingekuwa Honda ningeiacha iogelee.

Kuhusu hayo maneno yako matatu sijui unasema nini. Wacha tuzungumze vitu tunavyovijua.

Nikubali Honda ilikuwa haimwagi oili. BSA ukiiegesha inaacha doa chini, hiyo ni kweli, hata sasa nimeweka sufuria kuukuu hapo chini. Lakini pikipiki ikitoa oili ujue ndani kuna oili. Honda ilikuwa mbio, sawa, gia tano, BSA ni nne. Mbio za kwenda wapi? Tulikuwa tunatoka hapa kwenda karakana, mwendo wa sigara moja. BSA ikipita watu walikuwa wanasema Andati huyo, hata hawajainua kichwa. Honda yako ikipita walikuwa hawajui kama ni wewe au ni mwalimu.

Sasa nikupe kichekesho. Kuna kijana, si kijana sana, anaitwa Magan, ana duka hapa mbele ya laini yetu. Amenisumbua mwaka mzima, Mzee Andati nipe hiyo mashine nizunguke mara moja. Jumamosi jua lilitoka nikampa. Magan amezoea hizi za boda boda, zote zina gia kushoto na breki ya mguu kulia. Nikamwambia, sikiliza, hii ni ya Mwingereza wa zamani, hapa ni kinyume, gia kulia, breki kushoto. Akasema najua mzee, najua, usinifundishe. Akaenda vizuri mpaka kwenye kona ya bomba, akaona kamba ya nguo za Mama Awiti imejaa mashuka, akataka kusimama. Mguu wa kulia ukakanyaga, tena ukakanyaga, mwenyewe anafikiri ni breki kumbe ni gia. Akaingia ndani ya mashuka akatokea upande mwingine kama bibi harusi. Watu walianguka kwa kicheko. Mama Awiti akamwambia, wewe Magan, hayo ni mashuka ya Mchungaji, utaoshea wapi dhambi?

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Halafu nikaingia ndani nikakaa.

Mguu ukishazoea huambiwi, hiyo ndiyo nilimweleza Magan baadaye. Mimi hata kanisani, mhubiri akianza kwenda mbio, mguu wangu wa kushoto unakanyaga sakafu.

Na nikuulize wewe mwenye kumbukumbu ya tarehe zote. Siku ile nani alisema tubadilishane? Mimi nilikuwa na BSA yangu sina shida. Nani alisema?

Warigia ameleta godoro jipya kwa ajili ya mafuriko. Hajaniuliza juu yako hata mara moja, ujue hivyo.

Andati

*

Karatina
19 Mei 2024

Kwa shemeji Andati,

Nimefurahi kwamba maji yameshuka. Sisi tumepoteza migomba michache tu. Kifua changu kimeanza kunisumbua nikipanda mlima, nikikaa kinatulia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale pa Magan. Ulicheka, kisha ukaingia ndani ukakaa. Hukuandika ulikuwa unafikiri nini ulipokaa. Nitaandika mimi.

Asubuhi ile ya Desemba uliponipa BSA, ulinizungusha uwanjani mara tano. Ulinikemea kama mtoto. Gia kulia, Mureithi, breki kushoto, sema tena. Nikasema tena. Nami nilipokwambia uzunguke na Honda angalau mara moja, ulisema mbele ya watu wote, na Ayuma akiwepo, "Andati hafundishwi pikipiki." Wakakupigia makofi. Ayuma akapanda.

Mimi nilikuwa nyuma yenu kwenye BSA yako. Niliona mkokoteni. Niliona Honda ikishtuka, ikaachilia, ikashtuka tena, tairi la nyuma likateleza. Baadaye uliwaambia watu kwamba breki ilishika nusu ikaachia. Hukudanganya, ndivyo ulivyosikia chini yako. Lakini breki haifanyi vile. Kinachofanya vile ni gia zinazoshushwa moja baada ya nyingine na mguu wa mtu anayetafuta breki.

Watu walipomchukua Ayuma nilibaki nikiinua Honda. Ilikuwa kwenye gia ya kwanza. Andati, hakuna mtu anayepita Burma mwendo ule kwa gia ya kwanza.

Niliisukuma mpaka nyumbani nikiwa nimeshika klachi. Sikuigusa gia. Nikaileta Karatina kwenye lori, ikiwa vilevile. Iko kwenye gia ya kwanza mpaka leo.

Sasa hukuniuliza kwa nini nilimngoja Mama Khavere, lakini nitakuambia. Ayuma aliishi siku mbili baada ya ile ajali. Siku ya pili asubuhi alikuwa na akili yake timamu. Nilimwambia nilichokikuta kwenye gia. Akanishika mkono akasema, "Usimwambie Mama kwamba ni Andati. Ana mvulana mmoja tu. Akimchukia huyo atabaki na nani?" Nikaahidi. Hakusema nikae kimya kwa muda gani. Mimi ndiye niliamua kwamba ni mpaka Mama afariki, na sikujua kwamba ataishi vizuri hivyo.

Ahadi yangu imekwisha Januari. Maneno ni yale yale matatu.

Mureithi

*

Makongeni
2 Juni 2024

Mureithi,

Wewe ni mwongo na Honda yako ni mwongo. Gia inaweza kuingia yenyewe pikipiki ikianguka. Mimi nimekuwa fundi wa reli miaka thelathini na moja, nimefungua injini za treni, huwezi kuniambia mambo ya gia.

Ayuma hakusema hivyo. Ayuma asingekuambia wewe kabla ya kuniambia mimi. Mimi nilikuwa hapo nje ya wodi siku zote mbili, sikuenda hata kunywa chai.

Hujanijibu nani alisema tubadilishane. Nilikuuliza na umeruka.

Usiniandikie tena.

Andati

*

Makongeni
1 Septemba 2024

Kwa Mureithi,

Umekaa kimya miezi mitatu. Nilisema usiniandikie lakini wewe hukuwa mtu wa kunitii zamani, nilifikiri utaandika. Kila wiki nimekwenda Posta kwa miguu, yule msichana wa dirishani amenizoea, anatikisa kichwa kabla sijafika. Kama ni kifua, nipate kujua. Mukami hashiki simu.

Hapa wanasema nyumba zetu hizi za reli zitabomolewa yajengwe maghorofa. Wengine wameanza kuhama. Magan amefunga duka amekwenda Lucky Summer. Warigia ameniambia, "Mjomba, chumba chako kiko tayari kwangu, lete kitanda na hilo gari lako la vita." Anaiita hivyo BSA. Amesafisha nafasi nyuma ya duka, hata amemwaga simiti ili isizame. Ndiyo maana naandika. Siwezi kuingia kwenye hiyo nyumba.

Wacha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri.

Wewe unasema mwaka ule sikujua. Mimi nilijua. Nilijua siku ya tatu. Tulikuwa tumeambiwa Ayuma amekwenda, nikachukua BSA yangu kwako niende kupiga telegramu kwa mjomba Butere. Nilipofika kwenye reli pale pa kuvukia, gari moshi lilikuwa linapita, nikasimama. Nilisimama vizuri sana. Nikaangalia chini nione ni nini imenisimamisha. Ilikuwa mguu wa kushoto. Niliuangalia huo mguu, Mureithi. Treni yote ilipita, mabehewa yote, na mimi naangalia mguu. Watu wa nyuma wakapiga honi nikawa siwezi kuondoka. Nikateremka nikaivusha nikiisukuma kwa mkono.

Nikafika nyumbani nikamkuta Mama ameletwa na basi la usiku. Akaniuliza kitu kimoja. "Ni nini kimeua mtoto wangu?" Hakuuliza nani. Nikasema breki. Hiyo ndiyo ilitoka kwanza. Nikasema breki ya Mureithi. Na nilipoona vile alinishika kichwa akakiweka kifuani, nikasema tena. Kila nikisema ilikuwa inakuwa kweli zaidi. Mpaka jeneza likafika Butere nilikuwa nakuchukia kwa moyo wote, sikuwa naigiza.

Breki ya mbele nilikuwa nayo mkononi, najua utasema. Sikuwahi kuiamini ukiwa na mtu nyuma. Na ningezunguka uwanja mara moja tu. Nilifikiri watu watacheka.

Wewe uliandika kwamba sikufikiria jina la Warigia. Nilifikiria. Mwaka wa kwanza nilijaribu kumwita jina lingine, Everline, la kanisani. Hakuitika. Alikuwa mdogo na alikuwa na kichwa kigumu, alikuwa anangoja mpaka niseme Warigia.

Sasa nitaandika na usinifanye niandike mara mbili.

Honda ilikuwa pikipiki nzuri. Ulikuwa umeitunza vizuri kuliko mimi nilivyotunza BSA. Breki ilikuwa nzima. Nilikushikia spana na niliona ukiikaza na ukaijaribu mara nne, na nikakucheka nikasema unakaza breki kama mwanamke anayefunga leso ya pesa. Breki ilikuwa ya Honda na mguu wangu ulikuwa wa BSA.

Barua zangu zote kabla ya hii nimepeleka Posta mwenyewe, Warigia asione jina lako. Hii nitampa yeye aipeleke. Leo ni Jumapili, yuko jikoni sasa anapasha ndengu. Bahasha nimeandika Mureithi, Karatina, kwa herufi kubwa. Sijaibandika. Kwa mdomo siwezi, nimejaribu tangu asubuhi, ninaishia kumwambia chapati ina chumvi.

Andati

*

Karatina
29 Septemba 2024

Kwa shemeji Andati,

Pole kwa kimya. Nililazwa Julai yote na nusu ya Agosti. Sasa niko nyumbani, natembea mpaka kwenye kibanda na kurudi.

Barua yako haikupitia Posta. Iliingia hapa tarehe saba, Jumamosi, saa nne asubuhi, mkononi mwa mwanamke aliyevaa ovaroli la buluu. Mukami alifikiri ni mtu wa stima. Nilikuwa kwenye kiti. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama akiwa ameelemea mguu mmoja, kama Ayuma akimngoja mtu amalize kuongea upuuzi.

Hakunisalimu. Aliweka bahasha mezani. Ilikuwa wazi, na karatasi zilikuwa zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka zikalegea. Kwa kuwa sisikii, aliandika nyuma yake kwa kalamu ya duka: "Iko wapi?"

Nikampeleka kibandani. Alitoa turubai. Alizunguka Honda kama anavyozunguka mtu anayetaka kununua, akapiga magoti, akaangalia fimbo ya breki, ile kamba ya chuma, zile nati. Akaijaribu breki kwa mkono. Nilimwona akiweka kidole kwenye alama niliyoweka mwaka ule ya kuonyesha nimekaza mpaka wapi. Halafu akaja upande wa kushoto. Alijaribu kusukuma pikipiki, ikakataa, maana iko ndani ya gia. Akashika kile kikanyagio cha gia kwa vidole viwili akakiinua polepole. Mimi sisikii kitu, lakini niliona mkono wake ukisikia. Honda ikasogea.

Nilikuwa nimeingoja isogee miaka arobaini na nne na sikujua kwamba ikisogea nitalia. Yeye hakulia. Aliandika kwenye ukuta wa mbao kwa chaki: "Kwanza. Alishusha mpaka ya kwanza." Akafuta mikono kwenye ovaroli.

Nilimwambia kila kitu, mimi nikiongea, yeye akiandika. Nilimwambia na lile uliloniuliza mara mbili nikaruka. Ni mimi niliyesema tubadilishane. Nilikuwa nimechoka kusikia BSA kila jioni. Nilitaka uaibike kidogo mbele ya watu. Nilitaka mguu wako ukosee, shemeji, pale uwanjani, watu wacheke, yaishe. Hukuzunguka uwanja, na mimi nikaona aibu kukulazimisha, nikanyamaza Ayuma akipanda. Kwa hivyo usinifikirie kuwa ni mtu safi aliyekaa Karatina akingoja haki. Hilo nimemwambia, na sasa nakuambia wewe.

Alikunywa chai. Ananiita mzee. Nilimwambia anaweza kuniita baba kama anataka, akaandika: "Sina hilo neno mdomoni, sikuwahi kulitumia." Hakuandika kwa hasira. Aliandika kama mtu anayekuambia spea fulani hana dukani.

Nilimwuliza kama atakuja kwako. Aliandika, nami nanakili kama alivyoandika: "Aliniona nikimchukia mzee huyu tangu nikiwa mtoto, na alikuwa anakula chapati zangu."

Amerudi hapa mara mbili tangu wakati huo. Anafungua kabureta ya Honda. Haongei sana. Mimi nakaa kwenye kiti na kumshikia spana.

Nimepata nilichokiomba. Nilifikiri kitakuwa kitu kikubwa zaidi.

Mureithi

*

Makongeni
27 Oktoba 2024

Kwa shemeji Mureithi,

Salamu kwako, na kwa Mukami. Nimefurahi kifua kimepata nafuu. Vaa sweta, Karatina ni baridi.

Leo ni Jumapili ya nane. Ndengu najipikia. Kucha nimekata mwenyewe, moja nimekata vibaya.

Nilikwenda Kariobangi wiki iliyopita. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwa wale wachomeleaji wa jua kali. Duka lilikuwa na watu. Aliniona. Aliinua mkono, si wa kuniita na si wa kunifukuza, ule wa kumwambia mteja ngoja. Nilingoja. Halafu akaendelea na kazi na mimi nikaona nimekwisha jibiwa. Ile nafasi yenye simiti nyuma ya duka ameweka tairi.

Kuhusu nani alisema tubadilishane, basi. Nilitaka sana iwe wewe na sasa imekuwa wewe na haijanisaidia kitu.

Mimi naenda Butere kabla ya nyumba kuvunjwa. Kule mlango ni mdogo, BSA haiingii, na nje itaoza. Kesho asubuhi lori la mtu wa viazi linarudi Karatina tupu, nimeongea naye, ameifunga vizuri na magunia. Weka kando ya Honda. Si yako. Ni ya Warigia, nimeandika jina lake chini ya kiti kwa rangi. Usimwambie nimesema nini, sijasema kitu.

Oili itadondoka, weka sufuria. Teke la tatu inawaka, asilazimishe la kwanza. Na BSA ni bora, hilo sitabadilisha hata wewe uniletee Japani nzima hapa.

Yeye ni fundi, anajua zote, lakini hata mimi nilikuwa fundi. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye breki ili mguu usitafute. Kabla hajatoka nayo barabarani mzungushe uwanjani, mara tano, akikataa mlazimishe, akikucheka mlazimishe. Mwambie aseme mwenyewe kwa sauti, na wewe angalia mdomo wake.

Breki iko kushoto.

Andati